Moshi wa Karatasi za Bwana Otto

Kuni mbichi zikilazimishwa kuwaka hutoa harufu chungu, nzito, inayong'ang'ania nguo hata uzifue mara ngapi. Hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu ya Bugene katika msimu mmoja wa mvua, wakati wa vita vya pili vya dunia. Ilikuwa msonge wa nyasi katikati ya kibanja cha migomba, na juu ya jiko palikuwa na uchaga ambako mama alifukiza mbegu za maharage na mtama ili mchwa na wadudu wasizile. Msimu ule mbegu zilisogezwa pembeni zikapisha karatasi za Mjerumani.

Mjerumani huyo, Bwana Otto, alikuwa jirani yetu. Kwao alikuwa msomi wa fasihi ya Kijerumani, mwalimu wa mashairi ya kale. Kwetu alilima kahawa isiyostawi na kushinda barazani akiandika, mpaka watu wakamwita Bwana Karatasi. Mama hakupenda tumcheke. Alipokuwa na uchungu wa kumzaa mdogo wangu Koku, na wakunga wamekwisha kukata tamaa, ni Bwana Otto aliyempakia kwenye gari lake bovu akamfikisha hospitalini kwa masista. Vita vilipoanza, askari wa Kiingereza walikuja kumchukua kama walivyochukuliwa Wajerumani wengine, naye akaruhusiwa mfuko wa nguo tu. Karatasi zake zote alimletea mama, na kwa kuwa alipenda kusema kama tusemavyo sisi, akamwambia, "Mama Adela, zitunze kama mbegu." Adela ndiye mimi.

"Kama mbegu?" mama aliuliza.

"Kama mbegu."

Nadhani alitaka kusema zina thamani. Mama alisikia maelekezo. Alizitoa kwenye masanduku, akazifunga vifurushi kwa maganda makavu ya mgomba na kuzipanga uchagani, na mvua ziliposhika akawa anazifukiza kwa kuni mbichi kutwa nzima. Tuliishi ndani ya wingu, macho mekundu, tukila ndizi zenye ladha ya moshi. Ndipo Koku akashikwa na kifua.

"Zitoe hizo karatasi za watu," alisema tata, ndivyo tulivyomwita baba. "Mtoto hapumui."

"Nizipeleke wapi, Baba Adela? Nje mvua, ghalani mchwa. Na mimi nilimwambia ndiyo."

Mama akakisogeza kitanda cha Koku mlangoni ili moshi usimfikie. Pale akafikiwa na baridi. Nilijilaza naye nikimkumbatia, nikisikia kifua chake kikikoroma mkononi mwangu, na safari hii hapakuwa na gari la kumfikisha kwa masista. Alifariki kabla mvua hazijakatika. Tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba.

Nilitarajia mama azichome zile karatasi, na nilitamani anipe mimi kiberiti. Matanga yalipoisha alirudi jikoni, akapiga magoti, akachochea kuni zake mbichi. Tata alisimama akimtazama. "Zikiliwa sasa," mama alisema bila kugeuka, "mwanangu atakuwa amekufa bure." Nilimchukia kwa maneno yale, na chuki hiyo nilikaa nayo hata nilipokuwa mama mwenyewe.

Bwana Otto hakurudi. Vita vilipokwisha alikuja mchungaji mgeni kuzichukua zile karatasi azipeleke Ujerumani, akavibeba vile vifurushi mbali na kanzu yake kama mtu aliyeshika samaki. Mama alimsindikiza mpaka njiani, na hakuwahi kuzitaja tena.

Uzeeni nilikwenda Ujerumani kumtembelea mwanangu anayesoma huko, naye akanipeleka mahali zinapohifadhiwa karatasi zile. Nyumbani hakuna picha ya Koku. Msonge ulikwisha kubomoka, kibanja kiliuzwa, na penye kaburi leo pana maduka. Mhifadhi, binti mwenye glavu nyeupe, alifungua kasha na kutuomba radhi: karatasi za msomi huyu zimesalimika ajabu, hazina hata tundu la mdudu, ila zinanuka moshi na hawajui ulitoka wapi. Mwakani zitasafishwa kwa mashine mpaka harufu iishe. Nilimwomba mwanangu amwambie waiache. Akamwambia. Binti akacheka kwa upole, akidhani ni utani wa bibi kizee. Nikaziinamia zile kurasa, ambazo sikuweza kusoma hata neno moja, nikavuta pumzi mpaka nikakohoa.