Shimo la Oili Kando ya Laga

Ekuam alikuwa fundi wa magari, na madereva wa barabara ya Moyale hawakumjua kwa jina lingine ila Fundi. Kazi alijifunza mjini Isiolo kwa Mmeru mmoja aitwaye Kirimi, mtu mkali aliyependa gereji yake iwe safi kama jikoni. Alipooa alitaka kukaa karibu na kwao, akahamia kwenye makazi madogo kando ya barabara, kabla ya kufika Ngare Mara. Hapo ndipo alipolelewa na shangazi yake Emanikor baada ya mama yake kufariki. Akasimamisha kibanda cha mabati mahali malori yanapopenda kupumzika. Nyuma ya kibanda kulikuwa na laga, ule mto wa mchanga unaopata maji siku za mvua tu.

Kwa Kirimi, oili chafu iliwekwa kwenye pipa, na pipa likijaa watu walikuja kuichukua wakapake nguzo za boma mchwa wasizile. Ekuam aliyajua hayo. Lakini gereji yake mpya haikuwa na pipa, na dereva wake wa kwanza alikuwa na haraka. Akachimba shimo ukingoni mwa laga, akamwaga. Jioni alipokwenda kutazama, shimo lilikuwa tupu. Mchanga ulikuwa umekunywa yote. Tangu hapo hakuwaza tena habari ya pipa. Malori yalikuja yakabadilishiwa oili, yakaenda zake Marsabit, na shimo likaendelea kupokea bila kujaa, mwaka hata mwaka.

Hakuwa mtu mbaya. Jenereta ya kanisa ikizima aliitengeneza bila kudai kitu. Mkokoteni wa punda ukivunjika, wanawake walimletea yeye.

Wanawake hao walichota maji kwenye laga hiyo hiyo, chini kidogo ya gereji. Walifukua mchanga mpaka maji yatokee, wakazungushia miiba mbuzi wasiingie, kisha wakateka kwa kikombe, polepole, maji yasivurugike. Visima hivyo waliachiwa na mama zao. Kila mafuriko yakivifukia, walivifukua pale pale.

Ukaja ukame mrefu, halafu mvua kubwa ikanyesha na laga ikashuka na maji mekundu. Maji yalipokauka juu, wanawake wakafukua visima vyao kama kawaida. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Ekuam alikwenda kumsalimia shangazi yake. Alipewa chai ya maziwa ya mbuzi. Alipoisogeza mdomoni alisita. Chai ilikuwa na harufu ya nguo zake za kazi.

"Hata wewe unasikia?" Emanikor akauliza. "Nilidhani ni uzee wangu."

"Labda ni sufuria, shangazi."

"Sufuria nimesugua na majivu mara mbili."

Ekuam akainywa chai yote, kwa sababu aliona haya kuiacha. Njiani kurudi alipita kisimani. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Aliuvuruga kwa kidole, ukaachana, kisha ukajikusanya tena.

Haikupita wiki wanawake wakaita mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Walileta mtungi wa maji, kila mtu akainama kuunusa. Mbuzi walikuwa wanayakataa, na watoto walikuwa wanaumwa na tumbo. Macho ya wengi yalimwendea Denge, Mborana aliyekuwa akiosha malori na pikipiki ndani ya laga, upande wa juu wa visima. Alikuwa mgeni pale, hana ukoo wa kumtetea.

"Mimi natumia sabuni," Denge alisema. "Sabuni haifanyi maji namna hii."

Mzee wa kanisa akageuka. "Fundi, wewe ndiye unajua mambo ya magari. Tuambie, hii kitu imetoka wapi?"

Watu wote walimgeukia. Denge naye alikuwa akimtazama, tena kwa matumaini, kama mtu aliyemwona shahidi wake akifika.

"Pikipiki zinavuja oili," Ekuam alisema. "Zikioshwa mtoni, inateremka."

Kila neno alilolisema lilikuwa kweli. Denge aliendelea kumtazama hadi Ekuam akainamisha kichwa, kisha Denge akaenda kukunja mipira yake ya maji. Kesho yake alipanda lori, akaenda kwa wakwe zake Kulamawe.

Denge alikwenda, harufu ikabaki. Wanawake wakaacha visima vile, wakaanza kuchota mbali sana, huko juu kwenye mawe. Emanikor goti lilikuwa linamsumbua. Kwa hiyo Ekuam akawa anamletea maji ya bomba kutoka mjini kwa pikipiki, mtungi mmoja kila siku, na shangazi akawa anawagawia majirani.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," alimwambia kila mara. "Kama si wewe tungekunywa nini?"

Baraka hizo zilimuumiza kuliko matusi. Alianza kuuteremsha mtungi mlangoni na kuondoka bila kuingia. Kazini alishika spana akasahau anafungua nini. Sasa alikuwa amenunua pipa, lakini kila alipomwaga oili humo alilisikia likigonga chini, na aliikumbuka ile nyingine yote ya shimoni ambayo haikuwahi kugonga mahali.

Asubuhi moja Emanikor alimshika mkono kabla hajawasha pikipiki. "Siku hizi unanikimbia. Nimekukosea?"

Ekuam alikaa chini palepale, mgongo kwenye gurudumu. "Si Denge, shangazi. Ni mimi. Oili yote ya gereji nilikuwa namwaga pale nyuma."

Mama mzee alitazama upande wa laga. Kisha akasema, "Denge alikuwa anakunywa chai hapa kwangu. Alikuwa anatoa kofia kwanza."

"Najua."

"Hii maji mama yangu aliifukua akiwa na mimi tumboni. Sasa unaniambia mimi ili nikufichie? Nenda uambie wenye maji. Hii maji si yangu peke yangu."

Aliwaambia siku hiyo hiyo, amesimama mahali aliposimama Denge. Alitarajia kelele. Badala yake wanawake walimtazama kana kwamba wanatafuta uso waliouzoea. Nakal, mke wake mwenyewe, alivuta leso kichwani na kutazama chini. Mwanamke mmoja akasema tu, "Basi toa."

Akaanza kutoa. Alichimba pale shimoni, na mchanga ulikuwa mweusi, unanata kama uji. Alichimba hadi kiunoni, hadi mabegani, weusi ukazidi kwenda chini na pembeni, kuelekea visimani. Magunia yalijaa, yakapangwa nyuma ya kibanda. Aliyapeleka machache kwenye jaa la mjini. Mlinzi aliyanusa akamrudisha. Alimwendea Kirimi, naye akaja kuona, akazunguka shimo mikono nyuma.

"Kwangu uliona pipa kila siku," Kirimi alisema.

"Niliona."

"Sasa huu mchanga utaupeleka wapi? Popote utakapoumwaga kuna mtu anachota maji."

Magunia yakabaki pale, yamefunikwa kwa turubai.

Alisafiri hadi Kulamawe, akamkuta Denge akinywesha ngamia wa mkwewe. Akamweleza kwamba watu wote sasa wanajua ukweli, kwamba wanamwomba arudi. Denge alimsikiliza mpaka mwisho, huku akimwongoza ngamia kwa kamba.

"Siku ile nilifurahi walipokuuliza wewe," alisema. "Niliwaza, huyu ni mtu wa kazi, atasema."

"Nisamehe."

"Nimekusikia. Lakini sitarudi huko." Akamkaribisha maziwa, kwa sababu mgeni ni mgeni, na Ekuam akayanywa kwa shida.

Sasa ni kiangazi tena. Juu ya shimo ameweka mabati na mawe, lakini anajua kilicho chini yake. Laga huingia mto Ewaso Ng'iro, na huko chini, kuelekea Gotu, wapo watu na ng'ombe ambao hawajawahi kumsikia. Jumapili iliyopita kanisa zima lilisimama kuomba mvua, kwa sababu mifugo inakonda. Emanikor aliinua mikono, na Nakal pia. Ekuam alisimama kati yao. Alikumbuka mbuzi wake mwenyewe walivyodhoofika, akataka kuitikia. Kisha akayaona yale maji mekundu yakishuka, yakipita pale shimoni, yakiichukua oili kwenda kwa watu wa chini. Watu wakasema amina. Yeye midomo yake haikufunguka.