Kifuniko cha Mti

Harufu ya chokaa mbichi hunitia haya hadi leo. Wengine wakiinusa hukumbuka Idi, maana kwetu nyumba haipokei wageni mpaka kuta zipigwe chokaa. Mimi hukumbuka jioni moja ya miaka ya hamsini, uani kwetu mtaa wa Malindi, Unguja, nikiwa na miaka tisa, na baba yangu, fundi seremala, amesimama gizani watu wanamcheka.

Baba alikuwa na banda lake la kazi ng'ambo ya ua. Alinunua mashine ya umeme ya kukereza miguu ya vitanda, akashikilia kwamba umeme wa kuiendesha atauvuta mwenyewe. Alijifunza kwa jamaa yake fundi umeme, akavusha nyaya kutoka mita ya nyumbani, akapigilia kwenye ukuta wa banda kisanduku kidogo cha swichi na fyuzi. Mtaa mzima ulimwambia ataunguza nyumba. Naye kwa ubishi wake akawaalika hao hao waje baada ya Maghribi washuhudie. Kifuniko cha bati hakukitaka. Alichonga cha mti, chenye maua kama ya mlango mkubwa, na alasiri ile alikuwa nje barazani akikipiga msasa. Kisanduku kilibaki wazi.

Mama naye hakukubali wageni waone kuta zilizochakaa. Alichukua ndoo na brashi akalipiga banda lote chokaa, kwa mapenzi tu, wala hakumwambia mtu. Baba alipoingia, wageni walikuwa nyuma yake. Alipachika kifuniko chake bila ya kuchungulia ndani.

Ubani ulifukizwa, dua ikasomwa, Baba akawasha swichi. Cheche zikaruka, mpira ukanuka kuungua, na banda na nyumba vyote vikazimika. Nilimsikia akibandua kifuniko na kupapasa ndani ya kisanduku.

"Fundi, rudi kwenye randa yako," alisema jirani yetu muuza vyuma, na kicheko kikajaa uani.

"Makosa yangu, jamaa zangu. Waya sikuukaza vizuri," alijibu Baba.

Halua waliila kwa taa ya chemni, na karibu nayo niliuona mkono wake, mweupe kwa chokaa mpaka kwenye kifundo.

Asubuhi nilimpelekea chai, nikamkuta anakwangua chokaa juu ya fyuzi. Alinitazama kidogo. "Mama yako asijue," alisema. "Mimi nshazoea kuchekwa, yeye hajazoea." Nikaitika naam. Nilikuwa najua kila kitu, na bado siku zile Baba akinipeleka chuoni kusoma Kurani nilipita kichochoro kingine, wenzangu wasinione naye. Hilo ndilo linaloniuma. Nyaya alizitengeneza, mashine ikafanya kazi miaka mingi, lakini nani anayeikumbuka?

Siku hizi umeme unakuja Unguja kwa waya uliopita chini ya bahari, na ukitaka kukatika unakatika vile vile. Mama ni mzee sana, anakaa nami, na kila taa zikizimika husema, "Baba yako huyo. Hata kaburini hajaacha kutuzimia taa." Wajukuu huangua kicheko, na mimi hucheka nao, kwa sababu niliitika naam. Hushukuru tu kwamba ni giza, Mama hanioni uso.