Wiki ya Chukuchuku

Kama umewahi kununua mawese pale Mwandiga, Kigoma, ukayafungua nyumbani ukakuta hayana maji wala harufu ya kuungua, huenda yalitoka kwa Marcelina Januari. Anakamua mawese tangu hajaolewa, na sasa ana miaka hamsini na minne. Mikono yake ina wekundu usiotoka kwa sabuni yoyote, na ukimtania kwa hilo atakujibu kwamba mikono myeupe ni ya wavivu. Mdomo anao, tena si mdogo. Wateja wanamwogopa kidogo na kila wiki wanarudi.

Ndiyo maana siku ile alipoona wekundu chooni hakushtuka. Mwaka huo binti yake Wema alikuwa amemjengea choo kipya chenye sinki jeupe. Kabla ya hapo walikuwa na shimo tu, na shimoni nani anachungulia? Asubuhi hiyo alitazama chini kabla ya kumwaga maji, akaona utelezi mwekundu umetambaa kwenye weupe. "Mawese hayo," akasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumsikia. Jana yake walikuwa wamekula sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, na samaki mgebuka kwa mawese. Akamwaga ndoo nzima, akaenda kuwasha moto chini ya pipa la chikichi.

Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo. Shati likichafuka ni mawese, mtoto akiharisha ni mawese, tunayasingizia kila kitu na bado tunayala. Lakini Marcelina alikuwa na sababu ya kuliogopa neno hilo, na alijua anayo. Miaka mitatu nyuma, mdogo wake Adolf alimfuata hapohapo kwenye pipa. Alizungukazunguka na maneno kama mtu anayetaka kukopa, mwishowe akasema, "Dada, siku hizi nikienda haja naona kitu chekundu." Marcelina alicheka. "Punguza mawese, mlafi wewe!" Adolf naye akacheka, akaondoka ametulia kabisa.

Baada ya mwaka mmoja na nusu walimzika. Tumbo lilikuwa limevimba, mikono imebaki mifupa, na mwanamume aliyekuwa akibeba mikungu miwili ya chikichi begani alikuwa akigeuzwa kitandani na mtu mmoja. Hospitali walisema ni saratani ya utumbo mpana, imeshaingia kwenye ini. Ukoo ukasema karogwa. Yale maneno aliyomwambia Adolf, Marcelina hakumwambia mtu, hata padri.

Basi wiki moja baada ya asubuhi ile ya sinki, Marcelina aliuona tena ule wekundu. Safari hii hakusema kitu kwa sauti. Alisimama pale mlangoni pa choo, ndoo mkononi, bila kuimwaga.

Sasa mwanamke mwenye akili zake angefanya nini? Angekwenda hospitali, mtasema. Marcelina akaamua kujipima mwenyewe. Tangu Jumamosi hiyo hatagusa mawese hata tone. Akila vyakula vyeupe na wekundu ukaondoka, basi yalikuwa mawese kweli, na Adolf naye huenda yalikuwa mawese, na kilichomuua kikawa kingine. Hilo ndilo alilokuwa akiliombea, jamani, msamaha pamoja na afya, vyote kwa ndizi za kuchemsha.

Akaanza kula chukuchuku. Samaki wa maji na chumvi, ndizi za maji na chumvi, maharage hayana hata rangi. Nyumba nzima inanuka mawese, madumu yamepangwa mpaka kwenye kibaraza, na mwenye nyumba anakula kama mgonjwa wa wodini. Jumapili mdogo wake wa mwisho, Feliksi, alikuja kutoka Buzebazeba, ambako ana karakana ya kuchomelea mageti. Alipoona sahani ya dada yake alipasuka kicheko.

"Dada, vipi? Mwenye kiwanda amegoma kula mali yake?"

"Kula chako, niache na changu."

"Au umepata mchumba anataka umbo?"

Wema akacheka mpaka akapaliwa. Marcelina naye akalazimisha kicheko. Alimtazama Feliksi anavyomega ugali wa muhogo na kuchovya kwenye mawese, akaona taya la Adolf, masikio ya Adolf, namna ileile ya kutafuna kwa haraka. Hakumaliza ndizi zake.

Jumatatu likapita gari la matangazo. Madaktari bingwa wamekuja mkoani, watakaa hospitali mpaka Ijumaa, wamekuja na kamera ya kuangalia utumbo. Kila aliyefikisha miaka arobaini na mitano aje apimwe choo, hata kama haumwi popote. Mwenye kuona damu asisubiri. Mwenye ndugu aliyekufa kwa saratani ya utumbo asisubiri. Gari lilikwenda likarudi, likageuzia karibu kabisa na uwanja wake, na Marcelina alihisi kama lile spika linamsema yeye, kwa jina, mbele ya wateja.

"Kamera yenyewe wanaipitishia wapi?" mteja mmoja aliuliza.

"Kwani hujui? Kule nyuma," akajibiwa na mwenzake. "Na wakikuta kitu wanakata. Saratani ikiguswa na kisu inachachamaa, humalizi mwezi."

Marcelina alimimina mawese nje ya dumu. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kumwaga. Alifuta chini kwa tambara, akainama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana machozi yalikuwa yanakuja na hakutaka yaonekane. Alikuwa anaogopa kamera, anaogopa kisu, anaogopa kuvuliwa nguo mbele ya vijana. Na zaidi ya vyote aliogopa kuulizwa, kwa kuwa akiulizwa angemtaja Adolf.

Jumanne hakuona kitu, akaimba akikoroga pipa. Jumatano asubuhi sinki lilikuwa na damu.

Ilikuwa siku ya tano tangu aache mawese. Hakukuwa na kitu cha kusingizia tena. Ilikuwa damu yake, na aliitazama huku akifikiria tumbo la Adolf lilivyokuwa linang'aa kwa kuvimba. Siku hiyo nzima hakuwasha moto. Chikichi zilikaa kwenye magunia zikianza kuchacha, na Wema alipomuuliza alisema mgongo unamsumbua. Alhamisi akajifunga kanga mbili, akapanda gari la kwenda mjini bila kumuaga mtu.

Daktari aliyempokea aliitwa Elinipa, binti wa watu wa Kilimanjaro aliyehamishiwa Kigoma, mdogo kuliko Wema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Karibu. Una shida gani?"

"Sina shida. Nimesikia tangazo tu."

Daktari hakuandika. Aliweka kalamu chini, akangoja. Feni ilikuwa inazunguka, na nje mtu alikuwa anaitwa namba yake. Marcelina akasikia mdomo wake, ule mdomo usioshindwa na mteja yeyote, umekauka kama makapi.

"Naona damu," akasema.

Kutoka hapo yakatoka yote. Alipoulizwa kama kuna ndugu aliyewahi kuugua, alisema mdogo wake. Alipoulizwa ilianzaje, alilia. "Alikuja kuniambia, daktari. Alikuja kwangu mimi. Nikamwambia ni mawese. Nikamcheka."

Elinipa alimsogezea kiti karibu. "Mama, kosa hilo wanalifanya hata waliosoma. Lakini mawese hayatoki mekundu namna hiyo, na macho hayapimi. Damu inaweza kuwa ya bawasiri, inaweza kuwa ya kichocho, si lazima iwe saratani. Kujua ni ipi ndiyo kazi yetu. Mtu ambaye haoni kitu tunampima choo kwenye kikopo. Wewe unaona damu, na ndugu yako amekufa kwa saratani ya utumbo. Wewe unakwenda moja kwa moja kwenye kamera. Kesho."

"Kesho?"

"Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kambi hii ya madaktari bingwa, na kamera inaondoka nao. Baada ya hapo ni mpaka Mwanza."

Alipewa dawa ya kusafisha tumbo, lita kwa lita, na hapo ndipo ilibidi Wema aambiwe. Loh! Marcelina anasema kuzaa kulikuwa afadhali. Jioni yote alikuwa njiani kati ya kiti na lile sinki jeupe, Wema akimfuata na kikombe, huku mama mtu akitukana dawa, serikali na waliotengeneza kikombe chenyewe. Kamera ya Ijumaa, aliyoiogopa kuliko kifo, ilichukua chini ya saa moja, na alichomwa sindano ya usingizi hata hakumbuki mengi. Walikuta kinyama kimeota ndani ya utumbo, mfano wa uyoga mdogo. Wakakikata palepale wakakipeleka Mwanza kupimwa.

Majibu yalikaa wiki tatu. Msiniulize alizipitishaje. Simu ikilia anaiangalia kama nyoka. Alipanga nguo zake za kuzikiwa, akazipangua, akamwonyesha Wema zilipo madumu ya akiba na nani anaaminika kwa chikichi nzuri. Alikuwa anashika tumbo kila baada ya muda, akitafuta uvimbe, na kila mara akidhani ameupata.

Siku ya majibu Elinipa alimwambia kabla hajakaa. Kile kinyama kilikuwa kimeshaanza kugeuka saratani, kwenye ncha. Shinani haikuwa imefika, na kimetoka chote. "Mwakani kamera ikija tena, unarudi tunaangalia. Ungekaa nacho miaka miwili, mama, tungekuwa tunaongea mengine." Marcelina alifunika uso kwa kanga. Miaka miwili. Adolf hakupata hata miwili.

"Wapo ndugu wengine wa tumbo moja?" daktari akauliza.

"Amebaki mmoja."

"Naye apimwe. Hata kama haumwi."

Hakurudi nyumbani. Alikwenda Buzebazeba moja kwa moja, furaha haijamkaa sawasawa, hofu imeshaanza upya kwa mtu mwingine. Feliksi alikuwa amepiga magoti mbele ya geti. Alipomwona dada yake alivua miwani ya kuchomelea, akasikiliza habari za kinyama na Mwanza, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Sasa ni zamu yako," Marcelina akasema.

"Mimi? Mimi mzima, dada. Nakula, nafanya kazi. Nikitafute cha nini?"

"Feliksi, Adolf aliniambia. Kabla hajaugua. Nikamwambia ni mawese, nikamcheka, akaondoka. Mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani."

Alitegemea atatukanwa. Feliksi aliipangusa ile miwani kwa shati, akaipangusa tena.

"Aliniuliza na mimi," akasema hatimaye. "Nikamwambia ni kichocho. Nikamwambia kila mtu wa ziwani anacho, ameze vidonge."

Wakatazamana. Watu wawili wazima, kila mmoja alikuwa amebeba maiti ileile peke yake kwa muda wote huo.

"Dada," Feliksi akasema polepole, "wewe ulikaa nayo muda gani, ile damu, kabla ya kwenda?"

"Wiki mbili."

Alitikisa kichwa, macho chini. "Mimi tangu Pasaka."

Huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Marcelina alilisikia neno la kumpoza linamjia mdomoni lenyewe, tamu na rahisi, kwamba labda si kitu, wangapi wanaona na wako hai. Akalimeza.

"Funga karakana," akasema. "Daktari yupo mpaka saa tisa."