Aliyekanyaga Aseme Mwenyewe

Muhogo uliolowekwa siku tatu, ukatolewa majini na kuanikwa juani, una harufu yake ya uchachu inayopanda puani na kugoma kutoka. Wageni hukunja uso. Mimi ikinipata popote, hata sokoni nikiwa na haraka zangu, miguu inaanza kuniwasha na viganja vinatafuta mpira. Mume wangu ananicheka, na ana haki. Lakini mpira wa kikapu nimejifunzia katikati ya makopa, ndiyo muhogo huo mkavu, pale Kibondo, kiangazi cha mwaka 2014, nikiwa kidato cha pili, mwembamba kama njiti na mbishi kuliko watoto wote wa baba yangu.

Nyuma ya shule yetu, ng'ambo ya barabara iendayo Mabamba, kulikuwa na sakafu ya saruji. Mtu fulani alitaka kujenga ghala la mazao, akamwaga sakafu pana, nzuri, halafu akaishia hapo hapo. Katika mji ambao kila kitu kilikuwa udongo mwekundu, mpaka soksi zetu nyeupe, sakafu ile ilikuwa mali. Mwalimu Samweli wa michezo alipoiona aliona uwanja; akamwomba fundi wa kuchomelea atutengenezee pete mbili za nondo, akazisimika juu ya milingoti, moja huku na moja kule. Shida ni kwamba Bibi Yustina alikuwa ameiona sakafu hiyo kabla yake. Yeye aliona mahali pa kuanikia, na tangu mvua zikatike maturubai yake manne yalikuwa pale kila siku, yamejaa makopa meupe pee.

Bibi Yustina alikuwa mfupi, mkakamavu, na sauti kubwa kuliko mwili wake. Aliingia nchini kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa, akalima, akapata uraia, na akikasirika Kirundi kilimtoka kabla ya Kiswahili. Tulijua atatufukuza tu. Siku ile ya kwanza Mwalimu Samweli alimwamkia mara mbili, na sisi wasichana tisa tukapiga magoti kwa pamoja kama tunaomba mvua. Bibi akatutazama weee, kisha akasema, "Chezeni, wanangu. Lakini haya ni chakula cha watu. Anayekanyaga aseme mwenyewe, maana mimi siwezi kukaa hapa kuwachunga. Akisema, atanigeuzia turubai moja kabla hajaenda kwao. Akinificha, mnatoka nyote." Hapo mazungumzo yakaisha, akarudi kwenye ungo wake.

Basi tukawa tunafanya mazoezi kwenye vichochoro kati ya turubai na turubai, vyenye upana wa mlango. Mwalimu alikuwa na kijitabu cha sheria kilichotolewa kopi mpaka maandishi yamefifia, akatusomea taratibu. Unaruhusiwa kwenda na mpira kwa kuudunda kwa mkono mmoja. Mkono usipite chini ya mpira ukaubeba kama umebeba andazi. Ukishaushika kwa mikono miwili, safari yako imekwisha: mpe mwenzio au rusha golini, kuanza kudunda tena ni dabo. Na ukiwa umeushika, usitembee nao. Tulikariri kama tulivyokariri jedwali la mara saba, na tukazivunja zote siku hiyo hiyo. Aliyetufundisha kweli alikuwa Bibi Yustina, ambaye hajawahi kugusa mpira maishani mwake. Yeye aliona jambo moja tu: msichana akishashika mpira kwa mikono miwili hutazama juu kutafuta wenzake, na akitazama juu huku anatembea, makopa yanaumia. Kwa hiyo mtu akishika tu, sauti ilitoka kwenye ungo, "Hagarara!" yaani simama, na sote tulisimama, hata waliokuwa wanapita barabarani. Ukitaka kudunda tena alikuwa na lake: "Umeshashika, basi! Mpe mwenzio!" Baada ya wiki chache kila kosa la mpira kwetu likaitwa kukanyaga makopa, hata kama hakuna kopa lililoguswa. Na kuficha ilikuwa kazi bure, kwa sababu soli iliyokanyaga ilibaki na unga mweupe. Bibi akikushuku alikuwa haulizi maneno mengi. Aliinua mguu wake mwenyewe, akaonyesha chini ya ndala, na wewe ukajua unatakiwa kuinua wako.

Mgeuzaji mkuu wa makopa nilikuwa mimi. Nilikuwa na ugonjwa wa dabo. Nikishashika mpira roho inaniambia dunda tena, mara moja tu, nani ataona? Editha, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, alinitania kwamba nikiolewa mahari yangu italipwa kwa maturubai. Jioni ngapi nimechutama pale nageuza kipande kimoja kimoja, wenzangu wameshafika kwao wanakula! Nilinung'unika kweli kweli. Bibi alichutama karibu, akinisimulia mambo ya mifugo yake, wala hakunisema kwa kosa nililokwisha kulisema mwenyewe.

Sasa, mwezi wa saba, Mwalimu akatuletea habari: wasichana wa shule moja ya Kasulu wangekuja kucheza nasi, na atakayeshinda angepelekwa Kigoma mjini kwenye mashindano. Wenzangu waliruka kwa sababu ya Ziwa. Mimi niliruka kwa sababu ya dada Mwajuma. Dada ndiye aliyenilea wakati mama yuko dukani na baba. Alinisuka, alinipiga, alinificha nisipigwe. Alikuwa ameolewa Ujiji, mwendo mfupi tu kutoka Kigoma mjini, na ndiyo kwanza amejifungua mtoto wa kike ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Kila siku baba alisema tutakwenda, na kila siku duka likamshika. Nilimlilia dada mpaka mto ukalowa, nasema ukweli. Mama aliposikia habari za mchezo akafuma kofia ndogo ya sufu ya manjano, akaniwekea kwenye begi. "Ukashinde, ukamvishe mwenyewe," aliniambia.

Siku ya mchezo Bibi Yustina alikusanya maturubai yake tangu asubuhi, akafagia sakafu nzima bila kuombwa, akakaa pembeni juu ya turubai lililokunjwa. Watu walijaa. Wasichana wa Kasulu walishuka kwenye lori nywele nyekundu kwa vumbi, na nahodha wao, Neema, alikuwa mrefu hata tukadhani ni mwalimu. Walituzidi vimo, sisi tukawazidi mikono: waliozoea kudunda kwenye vichochoro vya makopa, wakipewa sakafu nzima tupu, jamani, ni kama kufunguliwa zizini. Tulikwenda nao bega kwa bega mpaka dakika ya mwisho, Kasulu ishirini na moja, sisi ishirini.

Mpira ukanifikia. Nilidunda, nikampita wa kwanza, wa pili akanijia mzima mzima, nikaushika kwa mikono miwili. Editha alikuwa kushoto, peke yake, mikono juu, ananiita. Mimi nikaona kofia ya manjano. Nikadunda tena, mara moja tu, nikarusha, ukaingia. Kibondo ikalipuka! Wasichana wa Kasulu walipiga kelele "Dabo!", lakini walikuwa wamepiga kelele hiyo mchana kutwa, hata kwa mambo safi, na mwamuzi, mwalimu kijana aliyehamia kwetu kutoka Tanga, alikuwa nyuma ya mgongo mpana wa Neema hakuona kitu. Wenzangu walinibeba juu. Kutoka kule juu nikamwona Bibi Yustina. Hakushangilia wala hakununa. Aliinua mguu, akaonyesha chini ya ndala yake.

Wallahi, nilitamani sakafu ipasuke. Soli zangu zilikuwa safi, kwa mara ya kwanza tangu tuanze hapakuwa na unga wa kunisaliti, ningeweza kuinua mguu mbele ya mji mzima. Nikawaambia wanishushe. Nikaenda kwa mwamuzi nikamwambia, "Mwalimu, nilikanyaga makopa." Akatazama sakafu ile iliyofagiwa, akanitazama mimi. "Makopa? Yako wapi?" Ikabidi nimweleze kwamba nilishika kwa mikono miwili nikadunda tena. Alikuna kichwa muda mrefu, kisha akafuta kikapu changu, na muda ulikuwa umekwisha, Kasulu wakashinda. Editha hakunisemesha siku mbili. Mimi nilikwenda nyuma ya milingoti nikalia kwa sauti, siyo kwa ajili ya mchezo, kwa ajili ya dada yangu.

Neema ndiye aliyenifuata huko. Aliuliza nalilia nini, nikamtolea kofia kwenye begi. Akaichukua, akaandika jina la dada na mtaa kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma ndani ya soksi yake. "Nitafika kwake kabla sijafika uwanjani," alisema. Na kweli wiki iliyofuata dada alipiga simu dukani, anacheka na kulia, anasema kuna msichana mrefu kama mlingoti amekuja kumvisha mtoto, Salma, kofia na kula wali sahani mbili. Jioni ile nilikwenda kumweleza Bibi Yustina. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha turubai. Maana nilikanyaga, na deni la makopa lilikuwa pale pale. Nikachutama nikageuza.

Mimi na dada tulionana baada ya miaka miwili mingine, na Salma alinikimbia akajificha nyuma ya khanga ya mama yake. Leo mambo ni mengine. Ghala lilimaliziwa kujengwa, shule ina uwanja wenye mistari ya rangi, na watoto ninaowafundisha hapo jioni wana viatu vyao na simu za kurekodi kila kosa la mwenzao. Bibi Yustina tulimzika miaka kadhaa iliyopita, na sote tisa tulikwenda. Nawasomea sheria zile zile, lakini nikitaka zieleweke natandika makuti na magunia sakafuni nikiwaambia hapo pana chakula cha watu.

Likizo iliyopita Salma alikuja kukaa nami. Mtoto wa Ujiji huyo, anajua dagaa wakianikwa, makopa kwake ni hadithi ya mama mdogo. Tulikuwa wawili tu uwanjani, na mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu, nikasikia mpira unadunda, ukanyamaza, ukadunda tena, ukapita kwenye pete. Sikuinua kichwa. Nilisubiri. Miguu yake ikaja mpaka mbele yangu, akanikabidhi mpira kwa mikono miwili.

"Mama mdogo," alisema, "nimekanyaga."