Nilimharibia Nafula Mchezo Ili Wenzangu Wasinitenge

Nilikosa, na sitaki mtu anisaidie kutafuta kisingizio. Nilimharibia mwenzangu mchezo kwa makusudi, tena huku nikimchekea. Sasa wale niliofanya nao wanataka ninyamaze. Sinyamazi!

Mimi ni mwanamke wa Shinyalu, kaunti ya Kakamega, na ninacheza voliboli. Timu yetu tuliianzisha tukiwa wasichana wadogo, kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kamba ya kufungia ng'ombe ikiwa ndiyo neti. Tumesukana nywele, tumebebeana watoto, tumesimama pamoja kwenye mazishi ya wazazi wetu. Ukikosana na mmoja, umekosana na wote. Nilijivunia hilo. Woi, nilijivunia sana!

Mimi ndiye seta. Kama huujui mchezo huu, seta ndiye anayeuinua mpira karibu na neti ili mwenzake aruke na kuupiga. Nani apige, mikono yangu ndiyo inayoamua.

Ndipo akaja Nafula. Hilo si jina lake, nimemficha. Alitoka Likuyani, akaolewa kijijini kwetu. Jioni moja alisimama kando ya kiwanja, leso kiunoni, akitutazama. Kocha akamwambia ajaribu. Aliruka mara moja tu, na mpira ukatua upande wa pili kabla hata hatujageuka. Kocha alishika kichwa akacheka.

Haikupita wiki, mdogo wake nahodha wetu akapelekwa benchi, Nafula akachukua nafasi yake. Nahodha tunamwita Sista. Siku hiyo tulikuwa tunanawa miguu bombani, Nafula ameshaenda kupika.

"Sisi tumetoka mbali na hii timu," Sista akasema. "Halafu huyu wa kuja juzi atufanye tuwe wa kubebea yeye maji?"

Wengine wakacheka. Sista akanigeukia. "Seta wetu, si mpira unapitianga kwako?"

Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Hakuna aliyeniamuru, hakuna aliyenitisha. Walicheka tu, kisha wakaningoja. Na mimi nikacheka.

Kuanzia siku hiyo Nafula akawa anaita, "Nipe, dada! Nipe!" nami nageuza mpira upande mwingine. Nikimpa, nampa mpira mbovu, umebana kwenye neti, ataugusa kwa vidole tu. Sista ananikonyeza. Tukimaliza mazoezi nawekewa nafasi katikati yao, naitwa "mtu wetu". Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nilifurahia! Sijawahi kupendwa na wale wanawake kama siku zile.

Jumamosi moja Nafula akaja kwetu na mfuko wa avokado. Nikamkaribisha chai. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, hata chai hakuinywa.

"Dada, najua siku hizi napiga vibaya," akasema. "Wewe unauona mchezo wangu kwa karibu. Niambie nakosea wapi nirekebishe."

Jamani! Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema, "Hukosei popote, ni mimi." Lakini niliwaza Sista akisikia itakuwaje, na mdomo wangu ukatoa hivi:

"Unaruka mapema sana. Uwe unachelewa kidogo."

Uongo mtupu! Alikuwa anaruka kwa wakati wake, mpira ndio haukuwa ukifika. Alinishukuru kwa mikono miwili. Kesho yake nilimkuta kiwanjani kabla ya sisi wote, peke yake, anaruka na kuruka tena, anajifunza kuchelewa.

Fainali ya kaunti ikachezwa mjini Kakamega. Kocha alikuwa ametuambia kwamba mtu wa klabu kubwa ya Nairobi atakuja kutafuta wachezaji. Sote tulijua kuwa kama kuna wa kuchukuliwa, ni Nafula.

Tulianza kupigwa. Nilipoona mambo yanatuendea vibaya, nikaingiwa na hofu, nikamwinulia Nafula mpira safi, mzuri kuliko wote niliowahi kuinua. Na yeye akachelewa, kama nilivyomfundisha. Mpira ukampita juu ya mikono. Watu wakaangua kicheko.

Kocha akasimamisha mchezo, akatukusanya. "Shida ni nini hapa?"

"Nafula haelewani na sisi," Sista akajibu. "Hajui wakati wa kuruka."

Kocha akanitazama. "Wewe ndiye seta. Ni kweli?"

Wote walinikodolea macho. Hata Nafula alinitazama, na yeye alikuwa ametulia, kwa sababu alidhani nitamtetea.

"Ni kweli, kocha," nikasema.

Akatolewa. Tukashindwa vilevile! Yule mgeni wa Nairobi akaondoka bila kuuliza jina la yeyote. Nafula hakurudi tena mazoezini. Nikasikia mumewe amemwambia aache kuhangaika na mipira, atulie nyumbani.

Nami mikono ikanikataa. Kila nikisimama karibu na neti, mpira unaniponyoka. Mwishowe, kwenye mkutano wa timu, nikasimama mbele ya kocha nikaeleza yote, kuanzia bombani hadi zile avokado. Kocha aliinamisha kichwa. Sista akasema, "Sasa unatuuza?"

Nilipokuwa naenda nyumbani, wawili kati yao wakanifuata njiani. Mmoja akaninong'oneza, "Hata sisi tulimpendanga Nafula. Tuliogopa tu."

"Mlimwogopa nani?"

"Nyinyi."

Nyinyi! Kumbe mimi nilikuwa nawaogopa wao, wao wananiogopa mimi, na sote tukamla mtu ambaye wengi wetu hatukuwa na neno naye. Nikawaambia waseme hivyo mbele ya kocha. Wakageuka wakarudi walikotoka.

Kabla ya giza nilikuwa nimetolewa kwenye grupu ya simu. Tangu hapo tukikutana sokoni wanavuka upande wa pili. Ujumbe umeletwa: niombe msamaha kwa kuichafua timu, nirudi. Mama yangu naye ananisihi, "Mwanangu, hao ndio watu wako. Utaishi na nani?"

"Mama, nitaishi. Siendi!"

Nilienda kwa Nafula. Nilimkuta anapalilia mahindi. Nikamweleza nimesimama palepale shambani. Alisikiliza hadi mwisho, ameegemea jembe.

"Wale wengine nilijua hawanitaki," akasema. "Sikuwauliza kitu. Wewe nilikuuliza."

Akaendelea kupalilia. Hakunitukana, hakunisamehe. Nilirudi nikilia, na nilistahili.

Siku hizi nachezea timu moja ya Khwisero, na mara nyingi nakaa benchi. Juzi nikasikia wameanza: kuna msichana mpya, anajidai, tumwonyeshe. Vicheko vilevile, wakaningoja vilevile. Nikasema kwa sauti, "Mimi nikiingia, nitampa mpira." Mmoja akaniuliza mimi ni nani hata niwafundishe. Nikamwambia ni mtu aliyewahi kucheka.

Basi wewe unayesoma, uwe kwenye timu, kwaya, ofisi au ukoo wako. Ukiambiwa "sisi sote tumekubaliana", waulize mmoja mmoja. Na wakicheka wakikungoja, usicheke! Watakutenga, na inauma, sitakudanganya. Lakini utaweza kumtazama mtu machoni.

Sista, najua utasoma haya, na utajua ni mimi. Nyinyi sina msamaha wa kuwaomba. Huo una mwenyewe, na mwenyewe bado hajaupokea.