Sukuma ya Mama Iliyopona Baridi

Mama alipokuja kunitembelea Riverdale Park, huku ughaibuni, hata nyumba hakuiangalia. Alipitiliza hadi uani, akashika udongo, akasema, "Na hapa pote mmeotesha nyasi tu?" Kabla viza yake haijaisha alikuwa amenipandia sukuma wiki mstari mzima kando ya seng'enge ya jirani. "Hizi hazing'olewi," aliniagiza. "Unachuma majani ya chini, shina linazidi kupanda." Kwetu sukuma hudumu miaka. Sikumwambia kwamba huku baridi huua kila kitu. Ningemvunja moyo bure.

Akarudi Kenya. Alipoomba viza tena, akanyimwa.

Majira ya baridi yaliyofuata hayakuwa na baridi. Januari nilikwenda kazini na sweta tu, bila koti. Theluji ilianguka mara moja, ikayeyuka kabla ya chai ya saa nne. Sukuma za Mama zikabaki zimesimama, zimekonda lakini zi hai, nami nikawa najigamba kwenye simu kana kwamba ni mimi niliyeipunguza ile baridi. Mama alifurahi mno.

Aprili wadudu wakatoka kwenye yale mashina: bapa, rangi ya machungwa na madoa meusi, wananuka ukiwaminya. Chini ya majani walitaga mayai meupe yenye mistari myeusi, yamepangwa utadhani yamepimwa kwa rula. Kila asubuhi niliwaokota na kuwatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, huku nikiwatukana. Wapi! Walivuka seng'enge wakaingia kwenye mboga za jirani, mzee mjane ambaye bustani ile aliianza na marehemu mkewe.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Zamani baridi ilikuwa inawamaliza," alisema. "Siku hizi hawafi. Hayo mashina ya mwaka jana ndiyo nyumba yao, binti yangu. Yang'oe."

Nilijua anasema kweli. Lakini Mama hangekuja tena, na udongo ule ulishindiliwa kwa mikono yake. Nilizubaa wiki nzima, mboga za mzee zikiendelea kufyonzwa na kunyauka. Jumamosi nikampigia Mama, nimesimama palepale uani, nikamweleza yote.

"Ng'oa," akasema bila kusita. "Kwani ni kaburi langu? Hiyo ni mboga."

Kisha akaongeza:

"Hata zangu nimeng'oa. Mvua ya mwezi wa tatu haikunyesha, zikakauka zote. Siku hizi nanunua sokoni. Sikutaka kukuambia, na wewe ulikuwa umefurahi hivyo."

Mama yangu, kununua sukuma! Nililia kwa sauti, wala sikujali kama mzee ananiona. Mama alisubiri nimalize, kisha akaniambia nishike shina chini kabisa, karibu na udongo, nivute polepole. Hakukata simu mpaka la mwisho lilipotoka.