Anwani Iliyobaki kwenye Simu ya Shangazi

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa nacheka kwanza, halafu naona haya. Naiandika kwa ajili yako wewe unayejifunza kutengeneza tovuti, wewe uliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ukakulia Louisville, au Columbus, au Buffalo, na sasa unabofya kompyuta kwa kasi ambayo vidole vyangu havikuwahi kuijua. Kaa nami kidogo.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Nilipokuwa kijana kule Uvira nilimaliza sekondari, nikakosa njia ya kuendelea, nikawa mchoraji wa vibao. Kinyozi, duka la dawa, kanisa, na baa iliyokuwa karibu mno na kanisa, vibao vyao vyote nilivichora mimi. Kazi ile ilinijengea imani moja iliyokuja kuniponza huku Marekani. Kibao ukikipaka rangi upya, kimekuwa kipya kwa kila mtu. Apite kwa miguu, apite kwa baiskeli, akupende au asikupende, anaona kilekile ulichoandika. Ukishuka kwenye ngazi, umemaliza.

Tulipofika Louisville nilikuwa tayari na mvi. Nikapanga maboksi ghalani mpaka mgongo ukakataa. Maktaba ilikuwa na darasa la bure la kutengeneza kurasa za intaneti. Niliingia kwa sababu nje kulikuwa na baridi, nikabaki kwa sababu niliipenda. Siku nilipoandika mistari michache isiyo na maana kwa mtu wa kawaida, kisha jina langu likatokea kwenye kioo kwa rangi ya kijani niliyoichagua mwenyewe, nilirudi ujana. Nilikuwa kijana wa kazi mwenye meno ya bandia. Basi makosa ya miaka ile uyahesabu kuwa makosa yangu ya ujana.

Na yalikuwa mengi, usidhani ni hili moja. Niliwahi kusahau alama moja ndogo, ukurasa mzima ukalala chali, nikashinda mchana kutwa nikiitafuta kama mtu aliyeangusha sindano kwenye zulia. Niliwahi kuweka wimbo wa kwaya ujiimbe wenyewe kila mtu anapofungua ukurasa. Mama mmoja akaufungua akiwa kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee, na soprano zikalipuka koridoni wagonjwa wakiwa wamesinzia. Alinipigia simu akinigombeza, lakini nilisikia mzee mmoja nyuma yake akipiga makofi.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya watu wetu. Harusi, misiba, kwaya, nani amejifungua, nani amefika kutoka kambini. Ilisomwa kwetu Newburg, hapa Louisville, ikasomwa Gahanna kule Columbus, ikasomwa East Side ya Buffalo. Watu waliiita kibao cha Papa Wilondja, nami nilivimba kichwa.

Sasa nikupe habari ya Furaha. Huyu alikuwa binti wa jirani yangu. Baba yake alifia kambini, na aliyemlea baada ya hapo, akimfulia na kumsuka na kumchapa inapobidi, alikuwa shangazi yake, Shangazi Nyota. Kisha zikaja ndege za kutuleta Marekani. Furaha na mama yake wakaletwa Louisville, Shangazi akapelekwa Buffalo, na tangu siku ile ya kuagana hawakuwa wameonana tena ana kwa ana. Furaha akachumbiwa na Amani, kijana wa Gahanna. Kwetu unajua desturi: bibi harusi hatoki chumbani mpaka dada wa baba yake amfunike kitenge, amshike mkono, amtoe na kumkabidhi kwa upande wa mume. Kwa Furaha, ambaye hana baba, ule mkono ulikuwa kila kitu.

Kadi ya mwaliko niliichora mimi. Majina, maua, na anwani ya ukumbi kwa herufi za kujipinda, zile zile za vibao vya Uvira. Yote ilikuwa picha moja, nikaiweka kwenye tovuti, na watu wa miji yote mitatu wakaifungua na kuisifu. Shangazi Nyota, nilisikia, aliifungua kila jioni.

Wiki yenyewe ya harusi, bomba la maji likapasuka kwenye ule ukumbi. Tukapata mwingine, upande wa pili wa jiji. Nikakaa, nikachora picha upya yenye anwani mpya, nikaihifadhi kwa jina lilelile la faili, nikaiweka mahali pa ile ya zamani. Nikaangalia kwenye kompyuta yangu. Mpya, safi, inang'aa. Nikashuka kwenye ngazi.

Mama Furaha alikuwapo sebuleni kwangu pamoja na kamati ya harusi. Akasema, "Papa Wilondja, bon, tubapigie batu ba Buffalo simu?"

Hapa ndipo pa haya, mwanangu. Nilimjibu mbele ya watu, "Simu za nini tena, mama? Unataka na ngoma tupige, kama kijijini? Nimebadilisha. Dunia nzima inaona."

Watu wakacheka. Mama Furaha naye akacheka, akarudisha simu kwenye pochi. Furaha mwenyewe alizungumza na shangazi yake siku moja kabla ya harusi, wakacheka na kulia, lakini ukumbi haukutajwa. Ungetajwa wa nini? Mimi nilishasema kila mtu anajua.

Jumamosi ikafika. Upande wa mume walikuja mapema kutoka Columbus, suti zimepigwa pasi, na msemaji wao alikuwa Mzee Kashindi, mtu wa maneno. Alipoona watu wa Buffalo hawajafika, alisimama katikati ya ukumbi.

"Bon! Batu ba bibi harusi beko wapi? Ao munaficha shangazi ili mutuongezee mbuzi?"

"Weye nyamaza," Mama Furaha akamrudishia. "Mulikuya mbio juu ya harufu ya sombe, si juu ya bibi!"

Ukumbi ulicheka, maana kile kisamvu kilikuwa kinanukia kweli. Kisha muda ukasogea, na kicheko kikapungua. Wali ukaanza kupoa. Mwenye ukumbi alikuwa ametupa mpaka magharibi tu, na tayari alikuwa akipita mlangoni akiangalia saa yake. Simu ya Shangazi ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nikapita karibu na chumba cha bibi harusi nikamsikia Furaha akisema, bila kelele yoyote, "Kama Shangazi haiko, mi sitoki. Mule chakula, mwende nyumbani. Nitaolewa siku ingine."

Amani alisikia pia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na kofia yake magotini.

Nikasema kwa ujasiri, "Anwani anayo. Iko kwenye tovuti."

Mzee Kashindi akatoa simu yake, akaitazama, akakunja paji la uso. "Papa, kwangu iko inaonyesha salle ingine."

Niliichukua ile simu. Picha yangu. Maua yangu. Herufi zangu za kujipinda. Anwani ya ukumbi wa zamani.

"Sasa ninyi mmefikaje?"

"Amani alitutangulia na gari. Mi sikuangalia hata."

Papo hapo nilielewa kitu ambacho mwalimu wa maktaba alikitaja na mimi nikaandika bila kukisikia. Simu si mpita njia anayetazama kibao chako na kwenda zake. Ni mgeni anayenakili kibao chako na kuondoka nacho, ili siku nyingine asihangaike kukifuata tena. Akikuta jina la picha ni lilelile, haulizi, anatoa ile aliyonayo mfukoni. Nilikuwa nimekipaka rangi kibao kilichosimama mbele yangu mimi. Vingine vyote, vilivyokwisha kufika Gahanna na Buffalo, vilibaki vilevile.

Nilichukua funguo za gari.

Nilipofika kwenye ukumbi wa zamani nilikuta bomba limeshatengenezwa na magari yamejaa uwanjani. Kabla sijafungua mlango wangu nikasikia vigelegele. Nikaingia. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Watu wetu wa Buffalo walikuwa katika mistari miwili, sare za kitenge cha rangi ya chungwa, wanaimba na kuserebuka. Kuwazunguka, familia nzima ya Wamarekani nisiowajua walikuwa wamesimama wakipiga makofi nje ya mdundo. Katikati, kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa ameketi bibi kizee mwenye taji la karatasi kichwani na kitenge kipya mabegani, anatingisha mikono. Na mbele yake, beseni la zawadi kichwani, bila kulishika, alikuwa akicheza Shangazi Nyota.

Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya yule bibi. Familia ilidhani kwaya ni zawadi ambayo ndugu mmoja ameileta kwa siri, na kila ndugu alikuwa akimshukuru mwenzake. Shangazi naye alidhani hao ni wageni wa kizungu wa kazini kwa Amani. Alikuwa ameuliza Furaha yuko wapi, wakampa keki.

Nilimvuta pembeni. "Shangazi, unisamehe. Ukumbi ulibadilika. Niliandika kwenye tovuti."

Alishusha beseni. Akatoa simu kwenye pochi, akaona tulivyompigia wakati wao wanaimba garini, kisha akafungua ukurasa wangu na kuniwekea mbele ya macho. Ya zamani.

"Ulibadilisha kwako," akasema. "Kwangu ulibadilisha?"

Nikaanza kumweleza habari za nakala na majina ya faili. Akainua kiganja.

"Papa, mi sikuuliza simu inafanya nini. Naulizia hivi: kuko mutu moja, hata moja, alikuambia, 'Ndiyo, nimeona'?"

"Hapana."

"Basi haukutuambia. Ulijiambia weye mwenyewe."

Hakupaza sauti. Alibeba beseni lake, akamwinamia yule bibi na kumbusu mashavu yote mawili. Kitenge alichokuwa amemfunika hakukidai. Kilikuwa kimenunuliwa kwa ajili ya mama mzazi wa Amani, lakini ungemvuaje mtu mwenye furaha ile? Tukaondoka na nusu ya keki kwenye kiti changu cha mbele, imefungwa mkanda.

Tulipofika, Shangazi hakusalimia mtu. Alivuka ukumbi moja kwa moja hadi kwenye kile chumba, mlango ukafungwa. Kisha tukasikia mtu analia kama mtoto, na sauti nyingine ikimwambia anyamaze, ataharibu poda. Baada ya hapo mlango ukafunguliwa, na Furaha akatoka chini ya kitenge, polepole, mkono wake ndani ya mkono wa shangazi yake. Amani alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. Mzee Kashindi, mtu wa maneno, akainama kukiinua.

Shangazi alipomkabidhi, akamgeukia mama yake Amani. "Zawadi yako imevaliwa na bibi moja huko. Ingine utaidai kwa Papa Wilondja." Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Kitenge kingine nilikipeleka mwenyewe Gahanna, wiki iliyofuata, na nikala huko siku mbili.

Lakini kabla ya kwenda kucheza niliingia jikoni mwa ule ukumbi na kompyuta yangu, katikati ya masufuria. Nikaipa ile picha jina jipya, ili kila simu ilazimike kuifuata upya. Chini yake nikaandika anwani kwa maandishi ya kawaida, yale ambayo simu inaweza kuyasoma kwa sauti na kumpeleka mtu barabarani. Halafu nikamwita Mama Furaha, na wale wale waliocheka sebuleni kwangu, nikamwambia mbele yao kwamba neno langu la ngoma na kijiji lilikuwa neno la kiburi, anisamehe.

Alinitazama. "Ngoja kwanza niangalie kwangu," akasema. Akafungua simu yake, akaisogeza mbali na macho, akasoma. "Iko!" Na vigelegele alivyopiga mle jikoni nimewahi kuvisikia tena mara moja tu, alipopata mjukuu.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, isikie wazi. Kazi yako usiiamini kwa sababu inapendeza kwenye kioo chako. Azima simu ya mama yako, ile yenye ufa na chaji kidogo, uitazame humo. Kitu ukikibadilisha, kipe jina jipya. Maneno ambayo mtu anayahitaji ili afike mahali, usiyafungie ndani ya picha kwa kupenda urembo. Na mtu akikuambia tupige simu, mwache apige, hata kama wewe ndiye fundi. Hasa kama wewe ndiye fundi.

Na usiiache nasaha hii kazini tu. Utaoa au utaolewa, utapata watoto watakaokujibu "okey" bila kuinua macho. Usitosheke na kusema, "Mimi nilishasema." Uliza kama imefika. Mimi ninayo maneno niliyodhani yamewafikia watu wangu, na baadhi yao sasa hawapo tena niwaulize. Hilo halirekebishwi kwa jina jipya.

Nenda salama. Mungu akupe vidole vyepesi na masikio ya kusikiliza. Unachokituma kifike, na anayekipokea akujibu. Na siku utakayokosea, maana utakosea, wale uliowapoteza wakutwe mahali penye muziki, na mlango utakaoufungua kuwatafuta uwe na keki ndani.